Wino wa Kudumu Katika Nchi ya Shaba

Mtu anayetaka kuchora kwa kalamu ya wino katika Kolwezi, mji ulioketi juu ya uwanda wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako ardhi hupasuliwa usiku na mchana kwa ajili ya shaba na kobalti, na ambako kilima alichokijua mzee katika ujana wake huweza kuwa shimo kabla mwanawe hajaoa, hana budi kujiuliza swali moja kabla hajanunua kalamu yenyewe, nalo ni hili: wino nitakaoutumia utadumu muda gani juu ya karatasi? Wachoraji wa nchi nyingine aghalabu huanza na kalamu, wakabishana juu ya nibu ya dhahabu na nibu ya chuma cha pua. Sisi wa ukanda wa Lualaba yatupasa tuanze na wino, kwa sababu vitu tunavyovichora vina haraka ya kutoweka, na mchoro unaotoweka pamoja na kitu chake hauna faida kwa atakayekuja kuuliza habari zake.

Kolwezi uliasisiwa mwaka 1937 uwe mji wa migodi ya magharibi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mwaka 1967 mali za kampuni hiyo nchini zikatwaliwa na serikali, ikazaliwa ile ambayo leo twaijua kwa jina la Gécamines. Na mwaka 2015 mji ukafanywa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Katika muda huo usiotimia karne moja, mashimo ya Musonoi na Kamoto yamekula vilima, vifusi vya udongo uliotupwa vimekuwa vilima vipya, na katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014, watu waligundua kwamba madini yako chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba uani na hata ndani ya vyumba, hata sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Najua kwamba kila mwenye simu mfukoni anaweza kupiga picha ya haya yote kwa nukta moja. Walakini simu huchukua kila kitu bila kuchagua, ilhali mwenye kalamu hulazimika kukaa, kutazama, na kuamua ni mstari upi uwepo na upi usiwepo. Na kwa kuwa wino haufutiki kama risasi ya penseli, uamuzi wake ni uamuzi. Kwa hiyo mchoro hueleza kitu ambacho picha haiwezi kukieleza, yaani kwamba mtu fulani alikaa mahali fulani akakiona kitu hiki kuwa kinastahili.

Habari ya wino usiodumu imo katika historia ya mto wetu wenyewe. Mto Lualaba, ambao huzaliwa katika uwanda wa Katanga, ukapita karibu na Kolwezi kwenye magenge ya Nzilo, kisha ukashuka kwenda Bukama na maziwa ya Upemba, hufika hatimaye Nyangwe katika Maniema, na hapo ndipo David Livingstone alipofikia mwishoni mwa Machi 1871, akingojea mitumbwi ambayo hakupewa. Alikuwa amekwishiwa na karatasi na wino pia. Akachukua kurasa za gazeti la The Standard la London, toleo la tarehe 24 Novemba 1869, akazigeuza upande na kuandika shajara yake juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa. Na kwa wino akatumia rangi ya zingifuri, itokanayo na mbegu zile ndogo ambazo ukizisaga hutia vidole wekundu. Kwa wino huo alirekodi mauaji aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, wakati wafanyabiashara wa watumwa na watu wao walipowapiga risasi mamia ya raia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza mazao. Na habari hiyo ilipofika Uingereza ilichochea hasira iliyosaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Sasa tazama lililotokea kwa karatasi zenyewe. Rangi ya zingifuri haivumilii nuru, na kadiri miaka ilivyopita maandishi yale yalipauka hata yakawa kama hayapo, gazeti likabaki na herufi zake nyeusi za matbaa, imara kama siku ya kwanza, kwa kuwa wino wa matbaa ulitengenezwa kwa masizi. Kwa zaidi ya karne nzima dunia ilisoma tu nakala aliyoiandika Livingstone baadaye kwa utulivu, akiwa amekwisha pata wino wa kawaida na nafasi ya kupunguza na kurekebisha maneno yake. Mwaka 2011 ndipo wataalamu walipochapisha shajara ya asili, baada ya kuipiga picha chini ya nuru za mawimbi mbalimbali, mojamoja, hata rangi iliyokufa ikaonekana tena. Si kila mchoraji wa Kolwezi atakayepata mitambo ya namna hiyo ije kuifufua kazi yake, kwa hiyo ni afadhali tuelewe mapema ni kitu gani tunachokimimina katika kalamu.

Karibu wino wote wa kalamu, hata uwe na jina gani kwenye chupa, ni wa mojawapo ya aina tatu. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo iliyo nyingi madukani, ni maji yaliyoyeyushiwa rangi, kama vile chumvi inavyoyeyuka. Wino wa Quink uliotolewa na kampuni ya Parker mwaka 1931, na wino wa buluu wa Pelikan ambao wanafunzi wengi wameutumia, ni wa jamaa hii. Hupita vizuri katika kalamu, hauzibi, na ukimwagika nguoni waweza kuoshwa. Lakini sifa hiyohiyo ya kuoshwa ndiyo kasoro yake, maana tone la mvua hufuta mchoro, na jua la dirishani huupausha. Aina ya pili ni wino wa chuma, unaotokana na utomvu mkali wa vivimbe vya miti uliochanganywa na chumvi ya chuma. Huu ukiandikwa huonekana hafifu, kisha hukolea kwa kuvuta hewa, na ndio ulioandikia hati nyingi za kale za Ulaya na za nchi za Kiislamu. Aina ya tatu ni wino wa kaboni, ambao si rangi iliyoyeyuka bali ni chembe za masizi zinazoelea ndani ya maji, na chembe hizo zikishakauka katika nyuzi za karatasi hapana jua wala maji ya kuzitoa.

Watu wa pwani waliujua wino huo wa tatu kabla kalamu za kiwandani hazijafika. Waandishi wa Siyu na Pate, ambao misahafu yao ya karne ya 18 na ya 19 ingaliko hata leo na herufi zake zingali nyeusi, walitumia masizi na gundi ya mti, wakachovya kalamu ya tete katika kidau, na kazi yao imestahimili unyevu wa bahari kuliko magazeti yetu ya juzi. Ni jambo la kusikitisha kwamba kijana wa leo anayejifunza kuchora hupewa biki kwanza, ilhali wino wa biki, ambao ni mafuta yaliyotiwa rangi, hupauka ukiachwa kwenye nuru.

Hapa lazima niongeze jambo linalotuhusu sisi hasa, watu wa nchi ya shaba. Shaba, ambayo ndiyo riziki ya Kolwezi, ni adui wa karatasi. Waandishi wa zamani walipotengeneza wino wa chuma, chumvi waliyoinunua aghalabu haikuwa safi, bali ilichanganyika na mrututu, yaani ile chumvi ya buluu ya shaba. Na wahifadhi wa hati wamethibitisha kwamba shaba iliyomo huharakisha kuoza kwa karatasi, hata herufi zikatoboka na kudondoka zikiacha tundu lenye umbo la herufi. Hali kadhalika rangi ya kijani iliyotengenezwa kwa kutu ya shaba, waliyoipenda sana wapambaji wa vitabu wa Uajemi na Ulaya, imekata kurasa nyingi kufuata mstari uleule uliochorwa. Basi mtu akikushauri, kwa nia njema, usage kutu ya shaba au mrututu uufanye wino wa kienyeji, mshukuru na usifanye.

Kobalti nayo ina kisa chake. Buluu ya kobalti, iliyotengenezwa na Mfaransa Thénard mwaka 1802, ni miongoni mwa rangi zinazodumu kabisa ambazo wachoraji wamepata kuzijua, wala haijali jua. Lakini chembe zake ni nzito, hutuama chini, na kwa hiyo ni ya brashi, haifai kuingizwa katika kalamu ya kujaza. Kabla ya hapo, mwaka 1737, Mfaransa mwingine, Jean Hellot, aliwaeleza wanachuoni wa Paris habari za wino wa siri uliotokana na madini hayohayo: ukiandika kwa maji ya kloridi ya kobalti maandishi huwa hafifu hata hayaonekani, ukiyapasha moto yatokea buluu, na yakipoa na kuvuta unyevu yatoweka tena. Wenye nyumba za fahari wakachorewa viambaza vya kukinga moto vyenye miti mitupu ya wakati wa baridi, ambayo majani yake yalichipuka kila moto ulipowashwa. Chumvi hiyo ina sumu, na sitaki mtoto yeyote aijaribu. Lakini nafurahi kuwaza kwamba madini ambayo nchi yetu yatoa zaidi ya nusu ya mahitaji ya dunia nzima, na ambayo leo yasemwa kwa sababu ya betri za magari tu, yalipata kushangaza watu kwa kazi ya kalamu.

Turudi kwenye kalamu yenyewe, ambayo si chombo cha siri. Chini ya nibu kuna kipande kilichochongwa mifereji myembamba, na maji yana tabia ya kujipenyeza katika mwanya mwembamba bila kusukumwa na mtu, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Wino unaposhuka kwa mfereji mmoja, hewa hupanda kwa mwingine ikajaza nafasi yake ndani ya tangi, na pasipo hewa hiyo kupanda wino usingeshuka kabisa. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya mpango wa namna hii mwaka 1884, na kalamu zote zilizofuata, za bei ndogo na za bei kubwa, zimesimama juu ya msingi huohuo. Ncha ya nibu, hata ikiwa nibu ni ya dhahabu, imeunganishwa na chembe ndogo ya madini magumu ili isilike kwa kusuguana na karatasi. Kwa mchoraji, nibu nyembamba ya chuma cha pua yatosha kabisa. Na akiigeuza kalamu chali, mgongo wa nibu ukielekea karatasi, atapata mstari mwembamba zaidi tena bila kununua kitu.

Mtu anayepanda kuja Kolwezi kutoka nchi za chini na ajue kwamba hewa iliyomo ndani ya tangi hutanuka kadiri anavyopanda, nayo husukuma wino nje mpaka kwenye kifuniko. Ama aijaze kalamu pomoni ili hewa iwe kidogo, ama aimwage kabisa. Kisha katika kiangazi, kuanzia Mei hata Septemba, wakati vumbi jekundu la barabara za malori linapotanda juu ya kila kitu, wino hukauka upesi katika nibu na vumbi huingia katika mwanya wake. Kalamu isiachwe wazi hata kwa muda wa kumsalimu mtu. Na yule aliyechagua wino wa kaboni, ambao ndio ninaoupendekeza, awe mwangalifu maradufu, kwa maana chembe zikikauka ndani ya mifereji hazitoki kwa urahisi: anunue wino uliotengenezwa mahsusi kwa kalamu za kujaza, kama vile wa kampuni ya Platinum ya Japani, asitie kamwe ule wino mzito wa wachora ramani uliotiwa lakiri, na aisafishe kalamu kwa maji safi kila baada ya majuma machache.

Kuhusu mkono na jicho, wako walimu waliotutangulia katika nchi hii, na ni aibu kwamba majina yao hutajwa Paris kuliko yatajwavyo kwetu. Huko Bukama, kando ya Lualaba, mwaka 1926, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji aitwaye Georges Thiry alivutiwa na michoro iliyopambwa kwenye kuta za nyumba, akampa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, karatasi na rangi za maji. Naye Lubaki na mkewe Antoinette wakachora wanyama, watu, magari na miti kwa mistari michache yenye nafasi kubwa kuizunguka, na kazi zao zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929. Michoro ya ukutani ilikuwa imeoshwa na mvua zamani. Iliyobaki ni ile ya karatasi.

Baadaye, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mjini Elisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo, ikajulikana kwa jina la Hangar. Yeye hakutaka wanafunzi wake waige kazi za Ulaya, akamwacha kila mmoja atafute njia yake. Jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa heshima na uzio kwa pamoja, maana mtu huchagua vizuri zaidi akiwa ameonyeshwa mengi. Walakini matunda yake yapo. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza samaki, nyoka na ndege katika mandhari iliyodariziwa pande zote. Na Mwenze Kibwanga, ambaye ningependa kila mwenye kalamu ya wino amchunguze kwa makini, alijenga picha zake kwa michirizi mifupi iliyolazwa sambamba, mmoja kando ya mwenziwe, ikibadili mwelekeo kila umbo linapopinda. Mwenze alitumia brashi na rangi, si wino; lakini hiyo michirizi ndiyo elimu yote ya kalamu. Kalamu haina rangi ya kijivu. Kivuli chake hutokana na mistari iliyokaribiana, mwanga wake na mistari iliyoachana, na unene wa kitu hutokana na mwelekeo ambao mistari huufuata. Hayo Mwenze aliyapata hapahapa Katanga, na hakuna sababu ya kwenda kuyatafuta mbali.

Kwa zoezi, namshauri msomaji achukue kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani la shaba ambalo mafundi wetu hulikata na kuling'arisha wakafanya shanga na visanduku. Lishike karibu na dirisha. Utaona duara ndani ya duara, nyingine pana nyingine nyembamba, kijani kilichokolea kikifuatwa na kijani kilichofifia, na mara duara za kitovu kimoja zikagongana na za kitovu kingine zikapindika pamoja. Usianze na ukingo wa jiwe, kwa kuwa ukingo ni bahati ya msumeno tu. Anza na kitovu, ukizunguka kwenda nje kama jiwe lenyewe lilivyokua, tabaka juu ya tabaka. Utepe uliokolea ujaze kwa michirizi mifupi inayokata upana wake, si kwa mistari mirefu inayoufuata, la sivyo mchoro utakuwa alama ya kidole. Utepe uliofifia uache karatasi itoe nuru yake. Mahali vitovu viwili vinapokutana pana mshono mwembamba mweusi, na huo ndio wa kuchorwa kwa kalamu iliyogeuzwa chali. Wino ukikauka, chukua tone la wino uleule wa kaboni katika kisosi, lichanganye na maji mengi, upitishe kwa brashi upande ulio mbali na dirisha, nalo jiwe litainuka kutoka kwenye karatasi. Wengine hutumia wino wa kuyeyuka kwa kivuli hicho kwa sababu hutiririka vizuri; lakini watakuja kuona, baada ya miaka michache ukutani, mistari imebaki na kivuli kimekwenda.

Baada ya jiwe, nje kuna kazi isiyokwisha. Kuna vichuguu vikubwa vya uwanda huu, virefu kuliko nyumba, vyenye miti iliyoota juu yake, ambavyo hufundisha uzito kuliko kitu chochote nikijuacho. Kuna vilima vya shaba vyenyewe, ambavyo havikubali msitu kwa sababu ya sumu ya madini, vikaota majani mafupi na maua ambayo mengine hayapatikani kwingineko duniani. Miongoni mwayo ni Crotalaria cobalticola, mmea mdogo wa jamii ya kunde unaopenda ardhi yenye kobalti, uliowasaidia wanajiolojia kujua pa kuchimba. Kilima kikichimbwa, maua hayo huondoka nacho. Mchoro wa mmea kama huo, uliofanywa kwa nibu nyembamba, jani kwa jani, tumba kwa tumba, una thamani hata kwa mwanachuoni wa mimea, maana hueleza ungio la jani na kikonyo kwa uwazi ambao picha yenye vivuli mara nyingi haina. Kuna pia ngazi za mashimo makubwa, ambazo ni mistari ya usawa iliyokwisha kuchorwa na mashine, na huchorwa kwa mbali, mahali panaporuhusiwa, baada ya kumwomba ruhusa anayelinda. Na kuna nyumba za matofali za mitaa ya zamani ya wafanyakazi, zenye baraza na miembe uani, ambazo wenyewe wakiambiwa leo kwamba watahamishwa huanza kukumbuka vitu ambavyo hawakuwahi kuvitazama.

Karatasi isiwe ile ya daftari la shule, ambayo gundi yake ni haba na wino husambaa ndani yake kama maji mchangani. Itafutwe nzito kidogo, isiyo na tindikali, na ijaribiwe kwanza kwa mstari mmoja pembeni. Mwenye shaka na wino wake afanye jaribio ambalo halihitaji maabara: achore mistari kadhaa juu ya ukanda wa karatasi, afunike nusu kwa kadibodi, autundike dirishani panapopiga jua la kiangazi, na baada ya mwezi mmoja auondoe ufuniko alinganishe. Michoro iliyokamilika ihifadhiwe gizani, ikiwa imelazwa, ndani ya sanduku la bati ambalo mchwa hawezi kulitoboa, na kati ya kurasa pasiwekwe magazeti, kwa kuwa tindikali yao huhamia katika jirani zao. Na nyuma ya kila mchoro, kwa wino uleule wa kaboni, paandikwe tarehe, jina la mtaa au la kilima kama wenyeji walitamkavyo, na upande ambao mchoraji alielekea alipokuwa amekaa, ili atakayefika hapo akakuta shimo aweze kujua ni wapi pa kusimama.